Betri Ipi Kati ya Hizi Mbili? Hata Moja

"Fundi, hii taa ya volti 12 niivute kutoka betri ipi?" Swali hili halikauki Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na anayeuliza huwa ameshamenya waya tayari. Lori lake ni la volti 24. Betri ziko mbili, za volti 12 kila moja, zimeungwa mfululizo. Taa aliyonunua ni ya volti 12. Anapiga hesabu, hesabu inakubali, taa inawaka, na kilichobaki ni kuchagua tu betri ya kuifunga.

Jibu ni hata moja. Ya juu hapana, ya chini hapana.

Hapo ndipo madereva wazoefu wanaponuna. "Mbona miaka yote tunafanya hivi?" Ndiyo, na miaka yote mnanunua betri.

Betri mbili za lori ni maksai wawili chini ya nira moja: ukimchosha mmoja usiku kucha kwa kazi nyingine, asubuhi jembe haliendi hata kama mwenzake ana nguvu za kutosha. Tuchukue usiku mmoja wa foleni. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, lakini kulala Tunduma hakujaisha. Kabini ina taa mbili za LED, redio na chaja za simu, tuseme ampea 4 kwa jumla. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi zimetoka ampea-saa 48. Kwa betri ya N150 hiyo ni karibu theluthi ya kilichomo, na yote imechotwa kwenye betri ya chini, yaani ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi. Ya juu haikutoa kitu.

Asubuhi injini inawashwa na alteneta inaanza kuchaji. Alteneta haina habari kwamba betri ni mbili. Inaangalia jumla tu, volti 28 hivi, na inachukulia kwamba kila moja imepata 14. Kumbe ile ya juu iliyokwisha kushiba inapanda hadi 15, inachemka, maji yake yanapungua na inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Ya chini inabaki kwenye 13 na haijai. Kwanza foleni yenyewe haina mwendo wa kuchaji: lori linasogea mita chache, linazimwa. Siku zikipita, salfeti ya risasi inaganda kwenye bamba za betri ya chini, na ikishaganda haitoki kwa maombi. Halafu unaingia Juni na baridi yake, dereva anapiga selfu alfajiri, anasikia "tik", basi. Anashuka akilaani betri feki.

Betri feki zipo, sikatai. Lakini hizi mbili zilinunuliwa siku moja, duka moja. Kwa nini kila mara inakufa ileile yenye waya wa ziada?

Sasa njoo kwenye tiba za mtaani, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Ya kwanza na inayosifiwa kuliko zote ni kuzungusha: kila mwezi ya juu ishuke, ya chini ipande, eti zichoke sawasawa. Zitachoka sawasawa kweli, kwa maana zitakufa zote mbili. Ile iliyonyimwa chaji mwezi mzima unaipandisha mahali pa kuchemshwa, ikiwa na bamba zilizokwisha kuganda. Ile iliyochemshwa na kupoteza maji unaishusha ikanyimwe chaji. Umegawa ugonjwa, hujatibu. Tiba ya pili ni kuongeza asidi kwenye betri iliyolegea. Asidi ya betri haipungui kwa kuvukia, maji ndiyo yanayopungua. Ukimimina asidi unazidisha ukali, mita ya fundi inasoma vizuri kwa siku chache, na bamba zinaliwa. Ya tatu ni kununua betri moja mpya na kuioza kwa kikongwe. Huko ni kulipa pesa ili tofauti ile uliyoitengeneza kwa waya uipate moja kwa moja kutoka dukani.

Kisha kuna wajanja wanaosema, basi tufunge kwenye ya juu ili ile ya chini ipumzike. Hawa ndio watakaochoma lori. Hasi ya betri ya juu imeungwa na chanya ya betri ya chini, kwa hiyo ikilinganishwa na chesisi ina volti 12. Taa nyingi za bampa ganda lake limeungana na hasi yake. Ukiifunga taa hiyo kwa boliti kwenye bampa, umechukua chanya ya betri ya chini na kuigusisha na chesisi kupitia waya mwembamba wa taa. Fyuzi uliyoiweka kwa uangalifu iko kwenye waya wa chanya, na shoti inapita kwenye waya wa pili. Haitakatika. Betri ya ukubwa huo ikipigwa shoti ina uwezo wa kutoa ampea zaidi ya 1,000. Waya unakuwa mwekundu kabla hujapata spana.

Wenye guta za umeme na vigari vya gofu wasicheke. Kigari cha gofu cha volti 48 mara nyingi kina betri sita za volti 8, na chaja ya ukutani nayo huangalia jumla tu. Huko chesisi kwa kawaida haijaungwa na hasi kabisa, kwa hiyo usiifanye ethi ya taa. Peleka waya mbili hadi kwenye taa.

Cha kufanya, haraka haraka. Kwa ukungu wa njiani nunua taa iliyoandikwa volti 24, au ya LED iliyoandikwa 10 hadi 30, uifunge kwenye volti 24 kamili. Kifaa cha volti 12 kipitie kishusha volti, kile kiboksi chenye mapezi kinachouzwa kama konveta. Kujua ukubwa wa konveta, jumlisha ampea za vifaa vyako kisha uongeze nusu yake. Kwa guta au kigari cha gofu, kishusha volti kilingane na volti za betri zote kwa pamoja. Fyuzi iwe ndani ya shibiri moja kutoka kwenye betri. Waya wa milimita za mraba 1.5 usizidishiwe fyuzi ya ampea 10. Taa kubwa ziwashwe kwa rilei. Waya unapopenya bati, weka mpira. Kabla ya kugusa chochote, fungua hasi ya chesisi kwanza.

Kama ulishafunga vibaya, toa waya ule leo. Zima kila kitu, subiri saa chache, kisha pima kila betri peke yake. Zikipishana zaidi ya volti 0.3, zichajiwe moja moja hadi zijae, upime tena kesho yake. Zikiwa bado zinapishana hivyohivyo, nunua mbili, za ukubwa mmoja, siku moja.