Samani za Kuunganishwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Samani za kuunganishwa huuzwa kwa vipande vyenye vipimo vinavyooana, ili mlaji aweze kuvipanga, kuvitenganisha na kuvipanga upya kadiri nafasi inavyoruhusu. Rafu ya vitabu ya leo yaweza kesho kugawa chumba, na meza ya chakula ikawa meza ya kazi. Kwa mpangaji anayehama mara kwa mara, au familia inayoishi katika vyumba viwili, manufaa yake ni dhahiri. Hata hivyo, manufaa hayo hupatikana tu iwapo samani itastahimili kufunguliwa na kufungwa tena.

Kagua ubao na viungio. Vipande vingi hutengenezwa kwa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ubao wa aina hii huvimba unyonyapo maji, hususan kwenye kingo zisizofunikwa, na tundu la skrubu hulegea kila skrubu inapotolewa na kurudishwa. Ikiwa unatarajia kuhama, chagua samani inayofungwa kwa bolti na nati za chuma badala ya skrubu zinazoshika ubao wenyewe.

Uliza kuhusu vipuri. Watengenezaji wengi hufuata mfumo ambao vitundu vya ndani ya kabati huachana kwa milimita 32, kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Pima kwa rula. Kabati lenye kipimo hicho huwa rahisi zaidi kupatiwa bawaba na reli za droo kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Lisilo nacho laweza kumfunga mlaji kwa muuzaji mmoja.

Linda watoto. Mtoto avutapo droo kadhaa au kuzipanda kama ngazi, uzito huhamia mbele na kabati huweza kumwangukia. Mwaka 2016, baada ya vifo vya watoto, kampuni ya IKEA ilitangaza nchini Marekani kurejeshwa kwa makabati ya droo takriban milioni 29 yaliyoweza kuanguka yasipofungwa ukutani. Kabati refu lifungwe ukutani, na lifungwe upya kila unapohama au kubadili mpangilio. Mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta kabla ya kununua, si baada ya kununua.

Kabla ya kulipa. Pima mlango na ngazi za nyumba yako. Hesabu vipande vyote kwa kufuata orodha iliyomo kwenye boksi. Muuzaji akiahidi kwamba vipande vya nyongeza vitapatikana baadaye, ahadi hiyo iandikwe. Dai risiti ya EFD na uitunze.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Bidhaa isipolingana na maelezo uliyopewa, anza kwa kumwandikia muuzaji ukiambatisha nakala ya risiti na picha za kasoro. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa mamlaka husika pamoja na vielelezo hivyo.