Ndege kung'oa nanga: Babu hakukosea, tuliokosea ni sisi

Majuma matatu yaliyopita msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi karibu na Kisumu, alinitumia picha pamoja na swali. Picha yenyewe ni ya zama za nyeusi na nyeupe, na pembe yake moja imekunjika. Vijana wanne wamesimama ndani ya mashua ndogo, na nyuma yao pana ndege kubwa iliyotulia juu ya maji. Kijana wa pili kutoka kushoto ni babu yake. Familia inaandaa kijitabu cha kumkumbuka mzee huyo, na chini ya picha tayari wameandika: "Babu na ndege ya zamani, 1931."

Swali lilikuwa la lugha. Enzi za uhai wake mzee alizoea kusimulia kwamba kazi yake ilikuwa kushika kamba ya ndege, na kwamba alfajiri moja "ndege iling'oa nanga ikaenda zake Mombasa." Wajukuu walikuwa wakicheka hadi machozi. Ndege na nanga wapi na wapi? Sasa simulizi hiyo inakwenda kuchapishwa, na baadhi ya jamaa wanataka sentensi isahihishwe isomeke "ndege ilipaa." "Mwalimu," aliniuliza, "turekebishe au tuache?"

Nilimjibu upesi kuliko inavyofaa. Nilimwambia kwamba babu alitumia istiari, kama wafanyavyo wanahabari wetu ambao kwao kila kitu hung'oa nanga: ligi inang'oa nanga, kongamano linang'oa nanga, hata kampeni za siasa zinang'oa nanga katikati ya nchi kavu. Nikaongeza kwamba kwa maandishi ya kudumu afadhali waandike "ilipaa."

Usiku ule niliitazama picha tena, safari hii kwa utulivu. Kwenye pua ya ile ndege nikaona kamba. Kamba hiyo ilishuka hadi kwenye boya. Na aliyeishika mkononi alikuwa yule kijana wa pili kutoka kushoto.

Haya basi, ikanibidi nianze upya, na swali la kwanza halikuwa la istiari tena. Hii ni ndege gani? Kuitambua ndege kongwe hakuhitaji uhandisi. Kunahitaji kuhesabu na kuzitaja sehemu zake kwa majina. Mtu akiniambia "ndege ya zamani" hajaniambia kitu. Akiniambia ina mabawa mangapi, injini ngapi, imekalia nini na imeandikwa herufi gani ubavuni, hapo tunaweza kuzungumza.

Tuanze na mabawa. Nyingi za ndege za miaka ya 1920 zilikuwa na mabawa ya ghorofa, bawa moja juu ya jingine, yakishikanishwa kwa nguzo na nyaya. Shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari za London hadi Mwanza mapema mwaka 1931, kipande cha Khartoum hadi Ziwa Victoria kupitia Kisumu kilihudumiwa na ndege aina ya Short Calcutta. Hiyo ilikuwa ya mabawa ya ghorofa, na injini zake tatu zilining'inia katikati ya bawa la juu na la chini. Ndege iliyo pichani ina bawa moja tu kila upande, halina nguzo wala nyaya, na limeota juu kabisa ya kiwiliwili. Kwa hesabu hiyo pekee, Calcutta imetoka.

Injini nazo ni nne, mbili kila upande, kila moja na rafadha yake, au pangaboi kama wengine wasemavyo. Hapa kuna mtego. Kuanzia mwaka 1933 kulikuwa na ndege nyingine yenye bawa moja la juu na injini nne, Armstrong Whitworth Atalanta, iliyosafiri kati ya Kisumu na Cape Town. Lakini Atalanta ilikuwa na magurudumu, ilitua nchi kavu. Hii yetu imelalia tumbo lake majini kama mashua.

Mwisho ni herufi. Mkono wa kijana mmoja umeziba baadhi yake, ila "G-AD" zinasomeka. Herufi G ni ya Uingereza. Ndege zilizosajiliwa Kenya wakati huo zilibeba VP-K, za Uganda VP-U, na za Tanganyika VR-T. Calcutta za mwanzo ziliandikwa G-EB au G-AA, kwani orodha ya Waingereza ilisonga mbele kialfabeti. Mfululizo wa AD ulikuja baadaye.

Ukijumlisha hayo yote jibu ni moja: Short Empire, ambayo wengine waliiita daraja la C kwa sababu kila moja ilipewa jina linaloanza kwa herufi hiyo: Canopus, Caledonia, Centaurus, Cambria. Ya kwanza, Canopus, iliyobeba herufi G-ADHL, iliruka mara ya kwanza Julai 1936. Safari zake za kupitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban zilianza katikati ya mwaka 1937. Kwa hivyo picha hii haiwezi kuwa ya 1931. Nilipomuuliza mwalimu babu alizaliwa lini, alinijibu kwamba familia inakadiria 1918. Mwaka 1931 angekuwa mtoto wa miaka 13. Kijana wa pichani ana masharubu.

Msomaji anaweza kuuliza, mbona isiwe Sunderland, ile ndege ya kivita tunayoiona kwenye filamu? Hizo ni ndugu wa tumbo moja, zote za kampuni ya Short Brothers. Sunderland iliruka mara ya kwanza Oktoba 1937, na alama yake ni vibanda vya bunduki puani na mkiani. Hii yetu haina bunduki. Ina madirisha ya abiria.

Sasa umbo lake. Mbona kiwiliwili kirefu kwenda juu namna ile, kama nyumba ya ghorofa? Tatizo kubwa la ndege ya majini ni maji yenyewe. Inapokimbia ili iruke hurusha manyunyu makali yanayoweza kuharibu rafadha, hivyo injini lazima zikae juu. Wasanifu wa awali walizipandisha kwa nguzo katikati ya mabawa mawili. Arthur Gouge, msanifu mkuu wa Short Brothers, alikwenda njia nyingine. Alilikuza tumbo lenyewe kwenda juu, kisha akaliweka bawa kileleni, bila nguzo hata moja. Kwa kufanya hivyo alipata faida ya pili: nafasi ya ngazi mbili. Marubani na mifuko ya barua walikaa juu, abiria wapatao 24 wakakaa chini. Imperial Airways iliamini mchoro huo kiasi cha kuagiza ndege 28 kabla hata moja haijaruka. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili zilikuwa na takriban mita 35.

Mpaka hapo nilikuwa nikieleza kwa maneno ya nchi kavu, na ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili kina maneno bora zaidi, ila tumeyaacha pwani. Uti unaopita chini ya tumbo la ndege hii ni mkuku, kama wa jahazi. Mbavu za ndani zinazolishikilia umbo ni mataruma, tofauti ni kwamba hizi ni za madini mepesi badala ya mti. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Na vile vielea viwili chini ya mabawa, vinavyoizuia isilale upande, wavuvi wa ngalawa wanavijua tangu jadi: ni matengo. Mvuvi wa Lamu au Vanga angeonyeshwa picha hii angeieleza vizuri kunishinda mimi na kamusi zangu.

Wala hilo si ajabu. Neno "rubani" tunalolitumia kila siku kwa mwendeshaji wa ndege lilitoka baharini, kwa mtu anayejua njia na kuongoza chombo. Usukani nao ni wa vyombo vya maji kabla haujawa wa gari na ndege. Usafiri wa anga uliazima lugha ya mabaharia, na Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya mabaharia, kilikuwa na hazina tayari.

Lakini ndege ya aina hii tuiiteje? Waingereza waliiita boti irukayo, maana yake kwao kiini ni boti. Nimewahi kuona "boti-ndege" katika tafsiri, na sipendezwi nayo. Katika maambatani ya Kiswahili nomino kuu kwa kawaida hutangulia. Askari kanzu ni askari, si kanzu. Mbwa mwitu ni mbwa wa aina fulani. Basi chombo kinachobeba abiria angani na kutua majini ni ndege kwanza, umashua ni sifa yake. Napendekeza "ndege-mashua," katika ngeli ya I-ZI: ndege-mashua hii, ndege-mashua hizi. Tena tuitofautishe na ndege ya kawaida iliyovuliwa magurudumu na kuvalishwa vielea miguuni. Hiyo haikalii tumbo lake. Yenye kukalia tumbo ndiyo mashua.

Kwamba ndege hizi zilikuwa mashua kwelikweli kulithibitishwa huko Kongo. Machi 1939 moja yazo, Corsair, ikitoka Uganda kuelekea Juba, ilipotea njia na kulazimika kutua kwenye Mto Dungu karibu na Faradje, ikapasuka tumbo kwa mwamba. Iliposhonwa, mto haukuwa na maji ya kutosha kuiruhusu kuruka, na jaribio la kwanza likaishia kwenye mwamba tena. Mwishowe likajengwa bwawa la kuinua maji ya mto, ndipo Januari 1940 Corsair ikaondoka. Ndege ya magurudumu wangeilimia kiwanja. Hii walilazimika kuitengenezea bandari.

Turudi kwa babu. Ndege-mashua haiwezi kuegeshwa kama gari. Ikitua lazima ifungwe kwenye boya, na ndani ya omo yake hubebwa nanga ya kweli, ya chuma, kwa ajili ya mahali pasipo na boya. Vijana wa mashua ndogo ndio waliopokea kamba, wakaifunga, na asubuhi wakaifungua. Kwa hiyo mzee aliposema alishika kamba ya ndege, alikuwa anataja kazi yake. Na aliposema ndege iling'oa nanga, hakutumia istiari yoyote. Sisi tunaong'oa nanga kila siku magazetini ndio tunaosema kwa mafumbo. Yeye alikuwa amezoea kuona nanga ikitoka majini.

Nilimpigia mwalimu simu kumwomba radhi. Nilimweleza kuhusu mabawa, injini, herufi na kamba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tulikuwa tukimcheka mpaka anaondoka kwenda kulala."

Sikuwa na la kumjibu. Tulikubaliana sentensi ya babu ibaki kama alivyoisema, neno kwa neno. Maelezo chini ya picha ndiyo yaliyosahihishwa, na sasa yatasomeka hivi: "Babu, wa pili kutoka kushoto, akishika kamba ya ndege-mashua aina ya Short Empire, Kisumu, si kabla ya 1937."

Hakuna hata moja ya ndege hizo, ambazo zilitengenezwa zaidi ya 40, iliyobaki nzima leo. Zimebaki picha, na simulizi za watu waliozihudumia, wengi wao tusiowajua majina. Kwa hivyo, msomaji wangu, ukikuta neno lisilokaa sawa katika simulizi ya mzee, usikimbilie kalamu nyekundu. Muulize kwanza alikuwa akifanya kazi gani. Akiwa hayupo tena wa kuulizwa, iangalie picha mara ya pili.