Redio ya flashi ikigoma ng'ambo ya mpaka, hasara ni ya nani?

Kwa mfanyabiashara anayenunua mzigo Kariakoo na kuuuza ng'ambo ya Namanga, Mutukula au Rusumo, redio ndogo za kuchomeka flashi na memori ni bidhaa nyepesi kubeba. Tatizo huanza mteja anaporudi na redio mkononi akisema haipigi. Duka la jumla liko nchi nyingine, na nauli ya kulifuata inaweza kumeza faida yote.

Redio hizo nyingi hutengenezwa China. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Redio ya China haipati msamaha huo kwa sababu tu imenunuliwa Dar es Salaam. Kwa hiyo redio moja iliyorudishwa inabeba bei ya kununulia, ushuru na nauli.

Hata hivyo, si kila redio inayorudishwa ni mbovu. Cha kwanza kukagua ni memori. Redio nyingi za bei nafuu husoma memori isiyozidi GB 32, iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Memori za GB 64 na kuendelea huja na mfumo wa exFAT. Simu huisoma bila shida, redio ikakaa kimya, na lawama zote zikaangukia redio. Kabla ya kufomati upya, nyimbo zihamishwe kwanza, maana kufomati hufuta kila kitu.

Lipo pia tatizo la memori bandia. Imeandikwa GB 64, kumbe ndani ina GB 4 au 8. Hupokea nyimbo zote na majina yakaonekana, lakini zilizoingia mwisho hazipigi. Dawa ni kuijaza hadi pomoni, kisha kupiga nyimbo za mwisho. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kutumia programu ya H2testw.

Kingine ni aina ya faili. Karibu kila redio hupiga MP3, lakini nyingi hugomea M4A na sauti zilizorekodiwa WhatsApp. Kubadili herufi za mwisho za jina la faili hakusaidii. Lazima faili igeuzwe kwa programu iwe MP3.

Mwisho ni betri. Redio nyingi hutumia betri ya BL-5C, ile ya simu za zamani za Nokia. Ikiwa redio inazimika kila sauti inapoongezwa, ijaribiwe kwa betri nyingine iliyo nzima. Ikipiga vizuri, kinachobadilishwa ni betri tu. Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, kwani inaweza kuwaka moto.

Mahali pa kufanya majaribio haya ni dukani, kabla mzigo haujafungwa. Flashi moja ya GB 8 yenye MP3 na betri moja iliyojaa chaji vinatosha kupima katoni nzima. Risiti nayo iandikwe idadi, aina ya redio na siku ambazo muuzaji amekubali kupokea mbovu. Makubaliano ya mdomo ni magumu kuyadai ukiwa ng'ambo ya mpaka.