Jalidi na Mabomba ya Bustani: Kutoka Talatala hadi Kitulo

Bomba la maji likiachwa limejaa usiku kucha huko Talatala, wilayani Kyela, asubuhi hukutwa kama lilivyoachwa. Tambarare hiyo ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa iko kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa lenyewe hayashuki chini ya nyuzi 20 za sentigredi mwaka mzima, hata katika vilindi vyake vinavyokaribia mita 700. Lakini chini ya kilomita 80 kutoka hapo, kwa mstari ulionyooka, uko uwanda wa juu wa Kitulo, wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Huko, kati ya Juni na Agosti, bomba lilelile laweza kukutwa limepasuka kwa urefu wake, na kinyunyizio cha bustani kikiwa kimetengana vipande viwili.

Hasara yake si bei ya bomba peke yake. Barafu iliyofanya ufa ndiyo hiyohiyo huuziba, hivyo alfajiri hakuna aonaye kasoro. Jua likipanda barafu huyeyuka, maji huanza kutoka, na tanki la shule lililojazwa kwa siku nzima huweza kwisha kabla vipindi vya asubuhi havijamalizika. Nao ni wakati wa kiangazi, miezi kadhaa kabla ya mvua za Novemba.

Watu wengi husema kuwa Kitulo ni baridi kwa sababu ni juu. Maelezo hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Toka ufukweni mwa ziwa hadi Kitulo ni kupanda mita 2,100, yaani kupungukiwa na nyuzi 14 hivi. Ikiwa usiku mmoja wa Julai hewa ya ufukweni ina nyuzi 18, hesabu hiyo inaipa Kitulo nyuzi 4. Baridi hiyo ni kali kwa asiyeizoea, lakini maji hayagandi kwa nyuzi 4. Nyuzi zilizobaki zinapotea kwa njia nyingine.

Usiku ardhi hutoa joto lake kuelekea angani kwa njia ya mnururisho. Mawingu na mvuke wa maji ulio hewani hupokea sehemu ya joto hilo na kuirudisha chini, mfano wa blanketi. Wakati wa kiangazi mawingu hayapo, hewa ni kavu, na juu ya uwanda mrefu hewa yenyewe ni nyembamba. Joto hupanda na kupotea. Pasipo upepo wa kuchanganya tabaka za hewa, ile iliyogusana na majani hupoa kuliko iliyo juu yake. Kwa sababu hiyo, kipimajoto kilichotundikwa kwenye kimo cha mtu huweza kuonyesha nyuzi 3 juu ya sifuri huku nyasi chini yake zikiwa nyeupe kwa jalidi, ambayo wengine huiita sakitu. Tena hewa baridi ni nzito. Hutiririka polepole kufuata mteremko, ikakusanyika mabondeni kama maji. Bustani iliyo chini ya kilima huganda mapema kuliko ile ya kilimani, jambo ambalo huwashangaza wengi.

Kwa hiyo ukavu unaomlazimisha mtu kumwagilia bustani yake ndio pia unaoleta jalidi. Nchini Kenya, ambako Januari ni mwezi mkavu, jalidi iliunguza mashamba ya chai Januari 2012, wakati ambapo jua la mchana lilikuwa kali. Kutazama kalenda pekee hakutoshi. Inampasa mtu kutazama anga.

Hapo ndipo maelekezo mengi yaliyoandikwa ng'ambo yanapopotosha. Mjini Chicago, Marekani, baridi hukaa miezi mfululizo na hupenya ardhini karibu mita moja. Mwenye bustani hufunga maji yake mara moja kabla ya Desemba, huyafukuza mabombani kwa hewa ya kompresa, kisha hayagusi tena hadi majira ya kuchipua. Mtu wa Makete au wa Njombe akifuata desturi hiyo atakausha bustani yake katika miezi ileile inayohitaji maji kuliko yote. Baridi yake ni ya usiku, si ya majira. Saa tano asubuhi bomba lina kazi tena.

Kuhusu kupasuka kwenyewe, kila kitabu cha fizikia hueleza kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Molekuli za maji katika barafu hujipanga kwa mpangilio wenye nafasi kubwa kati yao kuliko zilivyokuwa katika hali ya umiminiko. Ndiyo sababu barafu huelea. Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu hii: bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 25 na urefu wa mita 10 hubeba lita 4.9 za maji. Yakiganda yote, yataongezeka kwa kiasi cha lita 0.44.

Lakini je, usiku mmoja waweza kuyagandisha yote? Kuyapoza maji hayo kutoka nyuzi 10 hadi sifuri kunahitaji kuondoa kilojuli 206 za joto. Kuyageuza kuwa barafu, bila hata kushusha joto lake chini ya sifuri, kunahitaji kuondoa kilojuli 1,640 hivi, karibu mara nane zaidi. Kwa kawaida saa chache za jalidi hazifikishi huko. Huganda sehemu tu: kwenye kiungo kilicho wazi, kwenye bomba fupi linalosimama juu ya ardhi kubeba kinyunyizio, au karibu na koki ya chuma inayopitisha joto upesi.

Sehemu hiyo ndogo yatosha kuleta madhara. Kizibo cha barafu kikijitokeza, na koki ya mbele ikiwa imefungwa, maji yaliyo katikati hayana pa kwenda. Kila barafu inapoongezeka, maji hayo husongwa. Kwa nyuzi 1 tu chini ya sifuri, maji yaliyofungiwa pamoja na barafu huweza kufikia kanieneo ya zaidi ya mara 100 ya ile ya angahewa, ilhali mabomba ya plastiki ya bustani kwa kawaida hutengenezwa yahimili mara 6 hadi 16. Ndiyo maana ufa mara nyingi hauonekani mahali penye barafu, bali pembeni, penye maji. Fundi anayetafuta ufa pale palipoganda aweza kupoteza nusu siku.

Ikieleweka hivyo, dawa yake ni nyepesi: maji yapewe pa kwenda. Jioni ambayo anga ni wazi, upepo umetulia na ubaridi unaingia upesi baada ya jua kutua, koki kuu hufungwa, kisha hufunguliwa koki ya kumwagia maji iliyo mahali pa chini kabisa, na moja iliyo juu ili hewa iingie. Bila hewa hiyo ya juu maji hubaki yameng'ang'ania bombani, kama yafanyavyo katika mrija uliozibwa kwa kidole. Koki za bustani huachwa wazi usiku kucha. Vali zenye tufe ndani yake zina hila yao: zikifungwa kabisa, au kufunguliwa kabisa, hubakiza maji machache ndani na kuzunguka tufe, na maji hayo huweza kupasua gamba la vali. Hizo huachwa zimegeuzwa nusu.

Mtambo mpya ni vema ulazwe kwa mteremko tangu mwanzo, ili uweze kujimwaga wenyewe. Bomba kuu lizikwe. Kwa kuwa mabadiliko ya joto la usiku na mchana hupungua haraka kadiri mtu achimbavyo, sentimita 40 za udongo zatosha katika nyanda hizi. Hakuna haja ya mita nzima ya Chicago. Bomba jeusi la polithini hustahimili zaidi kuliko plastiki ngumu au chuma, maana hutanuka kidogo kabla ya kupasuka.

Wapo wanaofunga mabomba kwa nyasi au magunia. Ni jambo jema endapo vitu hivyo ni vikavu, lakini havitoi joto. Huchelewesha tu upotevu wake. Nyasi zilizolowa hazifai kitu.

Asubuhi, bomba lililokwisha kuganda lisichomwe moto, hasa la plastiki. Koki ifunguliwe kwanza, kisha jua liachiwe kazi, au limwagiwe maji ya vuguvugu kuanzia upande wa koki iliyo wazi. Koki kuu hufunguliwa polepole, huku mtu mwingine akitembea kando ya bomba zima akitazama kama kuna unyevu.

Mwalimu wa Kyela hahitaji kuwapandisha wanafunzi wake mlimani ili waone haya. Chupa mbili za plastiki na friji ya kugandishia vyatosha. Moja ijazwe maji hadi mdomoni na kufungwa vizuri; ya pili ijazwe robo tatu. Zilazwe humo usiku kucha. Chupa ya glasi isitumike, kwa sababu vipande vyake huweza kumjeruhi mtu. Kesho yake wanafunzi wapime mzingo wa kila chupa kwa uzi, waulinganishe na ule wa jana, kisha waeleze ni ipi inayofanana na bomba lenye koki iliyofungwa.