Daraja ni jambo moja, maamuzi ni jambo jingine

Mama mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwake, ameniuliza: ikiwa Kanisa Katoliki linaniamini niongoze familia hizi zote, mbona kwenye maamuzi ya parokia naishia kuambiwa "tumekusikia, mama"?

Ndani ya swali hilo yamo mawili, na yakichanganywa hayajibiki.

La kwanza ni Daraja Takatifu. Hapo sheria iko wazi: Kanuni ya 1024 ya Sheria za Kanisa inasema anayepokea daraja kihalali ni mwanamume aliyebatizwa tu. Mei 1994 Papa Yohane Paulo II alitamka kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre, na waamini wote waushike uamuzi huo. Kuhusu ushemasi, Sinodi ya Oktoba 2024 ilisema swali libaki wazi.

La pili ni uongozi, na hapa mengi tunayoyaita sheria ni mazoea tu. Mtazame mama huyu Jumamosi alfajiri, kabla hajafungua duka. Wanajumuiya wamebanana sebuleni kwa mwenzao, Injili ya Jumapili inasomwa na kujadiliwa, michango inaandikwa daftarini. Kisha mzazi anamsogezea fomu ya ubatizo wa mtoto, maana parokia itauliza kwanza kama jumuiya inamtambua. Mama anauliza mawili matatu, anatia saini. Hayo ni mamlaka, hata kama hakuna anayeyaita hivyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya kuwa msingi wa uchungaji miaka ya 1970, waliyaweka mikononi mwa walei, na wanaojaa kwenye jumuiya hizo ni akina mama. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ulikuwa umeshaanza mwaka 1972.

Sheria inaruhusu zaidi ya hapo. Mwanamke mwenye sifa anaweza kuwa mweka hazina wa jimbo, kansela, hata mmoja wa mahakimu katika mahakama ya Kanisa. Tangu Januari 2021 anaweza kupewa rasmi huduma ya usomaji na ya utumishi altareni. Akiambiwa mwanamke hafai kuwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, na aulize kwa heshima ni kanuni namba ngapi. Haipo.

Lakini lipo gumu zaidi, na sitaki kumficha. Kwa Kanuni ya 536, baraza la kichungaji la parokia hutoa ushauri tu. Anayeamua ni paroko. Mzee anayeketi kando ya mama huyu kikaoni amefungwa na kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uchungu wa mama ni ya walei wote, ila kwa mwanamke mlango mwingine, ule wa daraja, umefungwa kabisa. Kanuni ya 129 inawapa wenye daraja mamlaka ya kutawala, na walei "wanaweza kushirikiana". Kushirikiana hadi wapi? Wanasheria wa Kanisa bado wanavutana. Papa Fransisko alilisogeza jambo hili mwaka 2022 aliporuhusu mwamini yeyote aongoze idara ya Vatikano, na Januari 2025 akamteua Sista Simona Brambilla, aliyewahi kuwa mmisionari kwa jirani zetu Msumbiji, kuwa Mwenyekiti wa idara ya watawa duniani. Hata hivyo pembeni yake aliwekwa Kardinali. Kwangu mimi, hiyo yaonyesha kwamba swali halijakwisha hata Roma.

Je, mama afanye nini sasa? Kanuni ya 212 inampa haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaambia wachungaji wake maoni yake juu ya mema ya Kanisa. Kanuni ya 537 inaitaka kila parokia iwe na baraza la uchumi, na ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya walichotoa. Angeanza na hilo: akiuliza baraza hilo lina akina nani, na hesabu zitasomwa lini, hamwombi mtu fadhila.