Namba za Sensa Zinavyosafiri Kutoka Shambani Hadi Kwenye Seva

Vijana wengi wenye vitalu nyumba sasa mnafunga sensa, na seva ndiyo inaamua pampu iwake au izime. Leo tuone hizo namba zinasafirije, maana zikisomwa vibaya nyanya ndiyo zinaumia.

Vifaa vingi, ili kuokoa bando, havitumi maelezo. Vinatuma orodha ya namba tu, mfano: 62, 24, 58. Seva inajua ya kwanza ni unyevu wa udongo, ya pili joto, ya tatu unyevu wa hewa, kwa sababu tu pande zote mbili zimekubaliana huo mpangilio. Sasa ukifunga kifaa kipya kinachoanza na joto, seva itasoma unyevu wa udongo ni 24. Itadhani kumekauka, pampu itamwaga maji kwenye udongo ulioshiba, mizizi itaoza. Na hakuna kengele itakayolia, kwa sababu 24 ni namba ya kawaida kabisa.

Kabla hujalipa, muulize fundi haya:

1. Mpangilio na vipimo vimeandikwa wapi? Joto la nyuzi 23.4 mara nyingi hutumwa kama 234 ili litoshe kwenye baiti 2. Seva lazima ijue kugawa kwa 10.

2. Baiti ipi inatangulia? Zikipishana, hiyo 234 itasomeka 59904.

3. Sensa ikifa inatuma nini? Isitume sifuri, maana seva itaona udongo mkavu. Itume alama ya "hakuna kipimo".

4. Inatuma mara ngapi? Kila safari ina mzigo wake, kama bahasha. Vichwa vya TCP na IP peke yake ni angalau baiti 40, wakati namba yako ni baiti 2. Ukipima kila dakika 10 na pampu inaweza kusubiri, tuma vipimo 6 kwa mkupuo kila saa, kila kimoja na muda wake.

Mwisho, jaribu mwenyewe. Chomeka ncha ya sensa ya udongo kwenye glasi ya maji, usilowanishe sehemu yenye umeme, kisha angalia simu. Ikipanda namba ya joto badala ya unyevu, usiiachie pampu bado. Mwite fundi arekebishe kwanza.