Haipo, Haiko au Haimo? Kufasiri Ujumbe wa Moduli Iliyokosekana

Wafasiri wa maandishi ya kompyuta hukutana mara kwa mara na ujumbe mfupi unaotokea pale kifurushi cha programu kinaposhindwa kuundwa: mashine hutaja jina la moduli fulani na kusema kwamba hakuna. Wengi huufasiri kwa neno “haipo”. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno hilo laweza kumpoteza fundi.

Kwanza yafaa istilahi zipambanuliwe. Moduli ni sehemu ya programu iliyokwisha kuandikwa, ambayo programu nyingine huiita kwa jina. Mkusanyo wa moduli huitwa maktaba, neno ambalo binafsi sikulipenda, maana hapana anayeazima kitu humo akakirudisha. Lakini limekwisha zoeleka. Kifurushi ni kile kinachopelekwa na kuwekwa katika mashine. Nasema kifurushi “huundwa” wala si “hujengwa”, kwani nyumba hujengwa, bali jahazi huundwa.

Tuchukue mfano wa lugha ya Python. Toleo lake la 3.12, lililotoka Oktoba 2023, liliondoa moduli iitwayo distutils, ambayo vifurushi vingi vya zamani viliitegemea wakati wa kuundwa. Hapo “haipo” yatosha. Dawa ni kurekebisha programu, au kuweka kifurushi cha setuptools, chenye nakala yake ya moduli hiyo.

Lakini mambo si hivyo daima. Programu ya pip, iwekayo vifurushi, kwa kawaida hutenga chumba cha muda cha kuundia, na kabla ya kazi kuanza huingiza humo vile tu vilivyotajwa katika faili la pyproject.toml. Moduli ya numpy yaweza kuwa imo katika mashine, fundi akaitumia kila siku, na bado ujumbe ukasema hakuna. Aliyeambiwa “haipo” ataiweka upya mara ya pili na ya tatu, asione tofauti yoyote. Kinachotakiwa ni kutaja kifurushi chake katika faili lile.

Tena kuna tatizo la majina. Moduli ya yaml hutoka katika kifurushi cha PyYAML, na ile ya PIL katika Pillow. Mfasiri achanganyaye moduli na kifurushi humtuma fundi kutafuta kifurushi kwa jina lisilo lake.

Ukweli ni kwamba Python haipekui mashine nzima. Ina orodha ya mahali pa kutafutia, huipitia kwa utaratibu, na orodha ikiisha hutoa jibu. Sarufi yetu ina njia ya kulieleza jambo hili barabara. Kiambishi -po huonyesha mahali maalumu, -ko mahali pasipo dhahiri, na -mo ndani ya kitu. “Haimo” humlazimu msomaji aulize: ndani ya nini? Hapo ndipo uchunguzi uanzapo, kwa kuitazama orodha yenyewe.

Napendekeza basi: “Moduli ya yaml haimo katika njia za utafutaji.” Pale nafasi ya kioo ni finyu, maneno manne ya mwisho yaweza kuachwa, -mo isiachwe.